Kuandika maelezo ya zana ili wakala wa akili unde aendeshe programu ya muziki

Wakala wa akili unde haoni vitelezi vya sauti kwenye skrini, na mara nyingi hata biti yenyewe haisikii. Ana vitu vitatu tu: jina la zana (amri moja anayoweza kuita, kama kuweka sauti), maelezo yako ya zana hiyo, na jibu linalorudi baada ya kila amri. Ukiunganisha programu za muziki kama REAPER au Ableton Live naye kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na programu iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, msimbo huisha upesi. Kinachokula muda ni maelezo.

Anza na vipimo. Ndani ya REAPER, kigezo cha sauti ya traki, D_VOL, hakitumii desibeli: 1 ni desibeli 0, 0.5 ni kama -6, na 2 ni kama +6. Kwenye Live, sauti ya traki huenda kuanzia 0 hadi 1, na desibeli 0 iko kwenye 0.85; kule 1 ni +6. Sasa maelezo yakisema tu "sauti: namba", wakala anaweza kudhani ni asilimia akatuma 80. Kwa REAPER hizo ni desibeli 38 juu, na spika zinaweza kuungua. Zana ipokee desibeli, skripti ndiyo ibadilishe. Kwa REAPER, gawanya desibeli kwa 20, kisha inua 10 kwa kipeo hicho. Kwa Live kanuni hiyo haifai. Tengeneza jedwali kwa kusoma thamani zinazoonyeshwa na programu yenyewe.

Maelezo ya kutosha huwa hivi:

weka_sauti_ya_traki
Kazi: huweka sauti ya traki moja. Haigusi plagini (programu ndogo za athari au ala) wala traki kuu.
traki: namba kamili, kuanzia 1 kama kwenye skrini.
desibeli: -60 hadi 6. Ni thamani mpya, si nyongeza.
Jibu: jina la traki, desibeli za awali, desibeli za sasa.
Ikikosea: "Traki 9 haipo, mradi una traki 6. Ita orodha_ya_traki kwanza."

Usiache maneno "si nyongeza". Prodyuza akisema "shusha tatu", wakala asiyejua tofauti ataiweka traki kwenye -3 hata kama ilikuwa -10, yaani ataipandisha. Na ujumbe wa kosa umwambie la kufanya. Ukimrudishia "kosa 500" atarudia amri ileile mpaka mchoke wote.

Hesabu nazo zina mitego. Msimbo wa REAPER huhesabu traki kuanzia 0, skrini kuanzia 1. Chaneli za midi, lugha ya kutuma noti kati ya vyombo na programu, kwenye msimbo ni 0 hadi 15, hivyo chaneli ya 10 ya ngoma huandikwa 9. Chagua hesabu moja kwa zana zote. Noti zitajwe kwa namba, kwa sababu noti 60 programu moja huiita C3 na nyingine C4. Kwa ngoma za General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za ala, orodhesha: kiki 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42.

Muda pia. REAPER huweka vipande kwa sekunde, Live kwa mapigo. Kwa tempo ya mapigo 100 kwa dakika katika 4/4, yaani mapigo manne kwa baa, baa moja ni sekunde 2.4, kwa hiyo baa ya 5 inaanzia sekunde 9.6, si 12. Zana ipokee baa na pigo, na isome mita ya mradi badala ya kudhani kila kitu ni 4/4. Chakacha ya 6/8 itaharibika hapo hapo.

Kisha kuna lugha ya studio. Nairobi hakuna anayesema "ongeza desibeli 1.5 kwenye traki ya 2". Utasikia "pandisha kiki kidogo, sauti ya kuimba irudi nyuma". Andika kwenye maelezo ya jumla kwamba "kidogo" ni desibeli 1 hadi 2 na "sana" ni 4 hadi 6, na kwamba asome kiwango cha sasa kwanza. Namba hizi ni za kuanzia tu. Kila studio ina masikio yake.

Kila amri inayobadilisha mradi iwe hatua moja ya kutendua: REAPER ina Undo_BeginBlock na Undo_EndBlock. Ukituma amri kwa OSC, itifaki ya ujumbe wa muziki, juu ya UDP, njia ya mtandao isiyothibitisha kupokelewa, ujumbe unaweza kupotea bila taarifa, kwa hiyo zana isome thamani upya kabla ya kujibu "imefanyika". Zana ya kuhifadhi iandike nakala mpya, isifute faili asilia. Iitwe baada ya kila sehemu iliyokamilika, maana stima haibishi hodi.

Mwisho jaribu kwa mradi mtupu. Mpe wakala maelezo peke yake, bila mifano, na kazi moja: traki ya ngoma, baa 4, kiki kwenye kila pigo. Soma kumbukumbu za amri, si matokeo tu. Akiita zana mbili akitafuta ipi ni ipi, majina yanafanana mno. Akituma thamani iliyokataliwa, kima chake cha chini na cha juu hakikuandikwa. Rekebisha maelezo kwanza, ujaribu tena, ndipo uguse msimbo.