Mgongo unauma? Anza na makalio, si mabega

Wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya kiuno hawajabeba gunia wala kuanguka. Wamekaa tu: matatu ya Thika Road asubuhi, kiti cha ofisini kutwa, kochi jioni. Ukikaa umejikunja, mbonyeo wa kiuno hupotea, diski (mito laini iliyo kati ya mifupa ya mgongo) za pingili zile 5 za kiuno hubanwa upande wa mbele, na kano za nyuma huvutwa polepole. Ndiyo maana ukiinuka unajishika kiuno kama mzee.

Hatua ya 1: Rudisha makalio mpaka yaguse mgongo wa kiti. Usitunishe kifua kama askari wa gwaride, maana baada ya dakika mbili utakuwa umerudi ulikokuwa. Kalia viganja vyako. Unahisi mifupa miwili? Yumbisha nyonga mbele na nyuma, kisha tulia pale mifupa hiyo inapokandamiza viganja moja kwa moja. Toa mikono. Hapo mabega hujipanga yenyewe, na hatua hii ndiyo nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Kunja leso au taulo ndogo, iweke nyuma, juu kidogo ya mshipi. Mto mzima wa kochi utakusukuma mbele tu.

Hatua ya 3: Nyayo zikae chini zote. Hazifiki? Rimu mbili za karatasi zinatosha.

Hatua ya 4: Inua laptopu hadi ukingo wa juu wa kioo ukaribie usawa wa macho, uchapie kibodi nyingine ya kuunganisha, maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, zimejaa. Kichwa kina kama kilo 5, na kikiinama mgongo ndio unaokishikilia.

Hatua ya 5: Kila nusu saa, inuka. Hata mkao huu niliokufundisha utakuumiza ukiukalia kutwa. Simama, shika kiuno, jipinde nyuma taratibu mara 5. Maumivu yakishuka mguuni, acha.

Kwenye matatu, kwepa kiti cha juu ya tairi ukiweza. Magoti yakipanda, kiuno hujikunja utake usitake.

Lakini ukifa ganzi kati ya mapaja, karibu na sehemu za siri, mguu ukilegea, au ukishindwa kuzuia haja, achana na leso na mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usikubali mtu akukande kwanza.