Kuukosoa mfumo wa nchi unayoipenda: hoja, barua na mlango wa kupitia

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kaloleni, Arusha, au Majengo, Moshi, hoja nyingi hufia kwenye maneno matatu: "Nchi hii imeoza." Msemaji ana hasira ya haki, ila maneno yake hayana wa kuyajibu. Mwenzake atasimama kuitetea nchi, atataja amani na mlima na Mwalimu, na mfumo utaondoka hapo bila kuguswa.

Kabla ya kusema lolote, chukua karatasi uigawe safu tatu: mtu, mfumo, nchi. Mtendaji wa kijiji aliyegoma kubandika taarifa ya mapato na matumizi ni mtu. Utaratibu unaomwacha agome bila kuulizwa ni mfumo. Safu ya nchi iache kwa yale unayotaka yabaki. Ukikuta malalamiko yako yote yameangukia huko, yaandike upya mpaka uweze kutaja ibara au kifungu. "Uchaguzi hauna haki" itazaa mabishano hadi usiku. "Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, ifutwe" ni hoja. Anayeipinga atalazimika kuitetea ibara, wala hawezi kujificha nyuma ya bendera.

Atakayekwambia unaichafua nchi, mpeleke kwenye Makumbusho ya Azimio, hapo hapo Kaloleni. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa kwenye makampuni na kupangisha nyumba. Hayo yaliwekwa na chama kilichokuwa madarakani, dhidi ya viongozi wake chenyewe. Kukosoa si kitu kilicholetwa na mtandao.

Sasa jiulize: sheria ni nzuri ila haifuatwi, au sheria yenyewe ndiyo mbovu? Hapa ndipo wengi wanapotea. Anayedai risiti za michango ya darasa hana haja ya kuanza na Katiba mpya, na anayetaka mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, hatapata jibu kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sheria isipofuatwa, anzia chini. Kijijini, iwe Marangu, Kibosho au Meru, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti, kupitia kwa mtendaji, ukiomba hoja yako iingie kwenye ajenda. Toa nakala mbili; yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usisubiri "mengineyo". Ikifika mengineyo jua limeshakuwa kali, watu wanakung'uta vumbi kwenye nguo, na mwenyekiti atasema tutalijadili kikao kijacho.

Ukipewa nafasi, simama, wasalimie wazee, kisha uliza swali moja tu: "Ndugu Mwenyekiti, michango ya darasa iliyokusanywa Januari hadi Machi ni shilingi ngapi, imetumika ngapi, na risiti anatunza nani? Naomba swali na majibu viingie kwenye muhtasari." Ukiuliza matano, atajibu lile jepesi. Kama mwenyekiti ni mjomba wako, na uchagani hilo si ajabu, mwite Ndugu Mwenyekiti hivyo hivyo. Ujomba mtauzungumza nyumbani.

Akikosa majibu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi liwe la maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Taja waraka wenyewe, mwaka na robo. Ombi la "taarifa zote za fedha" ni rahisi kukataliwa. Ukinyimwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi hiyo. Wakati huo huo pitia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambazo hufika bungeni kila mwaka, uone kama halmashauri yako imetajwa.

Mtandaoni, weka waraka, usiweke uvumi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. "Nimesikia" haitakuokoa.

Sheria ikiwa yenyewe ndiyo mbovu, safari ni ndefu. Katiba inakataza mgombea binafsi, na Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo hilo mahakamani kuanzia miaka ya 1990. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linavunja Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Katazo bado limo kwenye Katiba. Mahakama hiyo hiyo iliikosoa ibara ya 41(7) Julai 2020.

Ila usipande daladala kwenda kufungua kesi huko. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Ulio wazi ni wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, pia Arusha: mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au uamuzi unaokiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bila kumaliza kwanza mahakama za ndani. Muda ni miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue, na kesi nzuri zimetupwa kwa kuchelewa. Tafuta wakili wiki ya kwanza, na umpelekee yale majibu ya ofisi yenye mhuri wa tarehe.