Ukiogopa kiti cha daktari wa meno, ulizia gesi ya kutuliza
Kama ukisikia tu mlio wa mashine ya kutobolea jino moyo unakwenda mbio, mwambie daktari kabla hujaketi. Ulizia kama wana naitrasi oksaidi, gesi inayochanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa kibarakoa cha puani. Siri yote iko kwenye pumzi: vuta taratibu kwa pua, usiongeeongee, maana ukipumulia mdomo gesi haikufikii vizuri. Dakika chache tu vidole vinasisimka, mabega yanalegea, na bado uko macho, unajibu ukiulizwa. Sindano ya ganzi utachomwa vilevile, ila haikutishi tena. Pua imeziba kwa mafua? Bora uahirishe. Mjamzito, sema mapema. Mwishoni unavutishwa oksijeni tupu kama dakika 5. Tafadhali usikimbilie kuinuka.