Kupaka rangi ncha za chubwi bila michirizi

Anayevua kwa mshipi usiku nje ya Kigamboni anaijua adha ya kupapasa kisandukuni akitafuta chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, ya gramu 60 huku mkondo unakisukuma chombo. Dawa yake ni kupaka ncha, kila uzito na rangi yake. Kwangu nyeupe ni gramu 30, njano 60, kijani inayong'aa 100. Nyekundu na buluu iliyokoza sizitumii. Kwenye kurunzi yenye betri chovu zote mbili zinaonekana nyeusi.

Rangi ya kucha ya Kariakoo inatosha, na inakauka upesi kuliko rangi ya mafuta. Tafuta pia asetoni, msasa laini namba 400, selotepu, kiberiti na kopo la mchanga mkavu.

1. Safisha. Risasi iliyokaa huota utando wa kijivu, na rangi haishiki vizuri juu yake. Lowesha msasa kwa maji ndipo usugue, kwa sababu vumbi la risasi ni sumu na likiwa kavu utalivuta puani. Kazi hii ifanyie nje, mbali na jikoni na watoto, kisha nawa kwa sabuni. Osha chubwi, kausha, futa ncha kwa kitambaa chenye asetoni. Ukishafuta usiiguse tena, mafuta ya kidole yanatosha kuifanya rangi ibanduke.

2. Zungushia selotepu pale unapotaka rangi iishie. Kandamiza ukingo wake kwa ukucha.

3. Chovya. Hapa ndipo kazi inapoharibika au kupendeza. Mimina rangi kwenye kizibo cha soda. Shika chubwi kwa tundu lake, ncha ikitazama chini, izamishe mpaka kwenye selotepu, kisha inyanyue polepole sana. Ukiivuta haraka inabeba rangi nyingi, na hiyo ndiyo inayochuruzika. Tone litabaki likining'inia nchani. Ligusishe ubavu wa njiti ya kiberiti, litanyonywa. Ukiliacha litakauka kama chunusi. Sasa igeuze, chomeka tako lake mchangani ncha ikiwa juu. Wengine huchomeka kwenye lile povu jeupe la maboksi ya televisheni, lakini asetoni na rangi mbichi vinaliyeyusha.

4. Anza na mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa nyeupe hata kama rangi yako ni njano, kwani njano juu ya risasi tupu inageuka tope. Ukikauka, weka mikono miwili myembamba ya rangi yenyewe. Selotepu ibandue mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka sawasawa. Ukichelewa itaondoka na kipande cha rangi.

Hali ya hewa yetu nayo ina maneno yake. Wakati wa masika, au jioni karibu na bahari, rangi inayokauka haraka huweka ukungu mweupe: kiyeyusho cha rangi kikiruka kinapoza uso wake, na unyevu wa hewani unatua juu yake. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini penye upepo. Juani inatoa mapovu.

Ziache zilale usiku kucha kabla ya kuzirudisha kisandukuni. Zile za kuvulia changu kwenye miamba zitachubuka tu, hivyo usizihangaikie: nyeupe mara moja, rangi mara moja, basi.