Jinsi ya kuunga modeli ya gari ya Herman Munster ifanane na yenyewe

Kama umeshawahi kuangalia The Munsters, kile kipindi cha TV cha vichekesho cha Marekani cha familia ya mazimwi, basi hii gari unaijua, ile ndefu nyeusi ya baba wa familia, Herman, aliyeigizwa na Fred Gwynne, jamaa alikuwa na urefu wa karibu mita 2 na bado wakamvalisha mabuti ya soli nene. Inaitwa Munster Koach. Ilichorwa na Tom Daniel, ikaundwa kwenye gereji ya George Barris kule North Hollywood mwaka 1964, wakachukua bodi 3 za Ford Model T wakaziunganisha ikatoka gari moja ya futi 18, mbele injini ya Ford V8 ya inchi za ujazo 289 iko wazi kabisa inaonekana. AMT, kampuni ya modeli za kuunga, wakatoa modeli yake ya plastiki ya saizi ya 1/25, yaani ndogo mara 25 kuliko gari yenyewe, na imekuwa ikitolewa upya mara kwa mara, ukimaliza unakuwa na kitu cha kama sentimita 22 hivi.

Kitu kinachowapoteza wengi ni rangi. Kipindi kilirushwa CBS kuanzia 1964 mpaka 1966 na chote ni black and white, sasa mtu anapaka rangi za kubuni tu. Tafuta picha za rangi za gari yenyewe kwanza. Nje ni nyeusi ya kung'aa yenye mng'ao wa lulu ndani yake, ndani ni velveti nyekundu ya damu, na rejeta mbele ni rangi ya shaba ya njano. Ukipatia hizo tatu umeshapata gari, ukikosea hata uunge vizuri vipi haitafanana.

Haya, osha vipande vyote na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki inatoka kiwandani na mafuta na rangi haishiki. Acha vikauke. Vipande kata na koleo ndogo, usivinyonge kwa mkono, hasa yale marembo ya pembeni ya bodi, ni membamba sana yanakatika hivi hivi. Palipokatwa piga msasa namba 400 halafu 600.

Bodi pulizia praima, kisha nyeusi ya gloss, nyepesi nyepesi, mara tatu au nne, kila moja ikauke kwanza, ukipuliza nzito inamwagika na kuficha mistari yote ya Model T. Juu yake ndo unapuliza klia, ile vanishi angavu, yenye mng'ao wa lulu. Sehemu ya ndani tumia praima nyeupe, nyekundu juu ya nyeupe inawaka, juu ya nyeusi inakufa. Ukipata unga wa velveti nyunyizia kwenye viti rangi ikiwa bado mbichi, inapendeza mno.

Injini ipe muda wako mwingi kwasababu haina boneti, kila mtu ataanzia kuangalia hapo. Vipande vya krome vina shida moja, gundi ya plastiki haishiki juu ya krome, kwahiyo kwangua kidogo na ncha ya kisu pale tu panapokutana na kipande kingine, ndo uweke gundi. Kipande chochote cha kioo tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya plastiki inakiachia ukungu na hautoki. Na fungua madirisha, harufu yake sio nzuri kwa kichwa.

Marembo na taa bandika mwisho kabisa, gari ikishasimama kwenye magurudumu yake.

Ukishaiweza hiyo nenda kwenye Drag-u-la, ile gari ya jeneza ambayo Babu wa familia hiyo, aliyeigizwa na Al Lewis, aliunda ili wairudishe Koach baada ya Herman kuipoteza kwenye mashindano. AMT waliitoa nayo kwa 1/25. Ekzozi zake ni mabomba ya kinanda cha kanisani, hizo pulizia dhahabu zikiwa pembeni, usizibandike kabla bodi haijakauka.