SOMO: Namna ya kuuliza habari za mababu zako ili watu waweze kukusaidia

Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lilelile: "Naomba mnisaidie kupata ukoo wangu. Babu aliitwa Juma, alitoka Tanga." Kazi hii naipenda na kusaidia napenda, ila kwa swali la namna hiyo hata mwenye daftari la ukoo wako mkononi hatajua kuwa ni wewe unayemtafuta. Naandika mara moja, tusome wote.

1. Anza na wazee wenu walio hai. Watu wa nje baadaye.

2. Mstari wa kwanza wa swali utaje jina, kazi au kabila, mahali na wakati. "Juma bin Hamisi, seremala, Pangani, alifariki kabla ya 1950." "Msaada jamani" haimwambii mtu chochote.

3. Andika jina kwa kila tahajia unayoijua. Mjerumani aliandika Moschi, Aruscha, Muansa, Udjidji. Lushoto aliiita Wilhelmstal. Na kama wazee wenu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, taja kijiji cha zamani pamoja na mto au mlima ulio karibu, maana jina la sasa halitakuwamo kwenye nyaraka za zamani.

4. Hujui mwaka? Taja tukio. "Alikuwa mtoto anayechunga mbuzi wakati wa Majimaji" inatupa pa kuanzia: vita vile vilikuwa 1905 hadi 1907. "Mwaka wa nzige" pekee haitoshi, nzige walikuja zaidi ya mara moja. Tarehe ya Hijra iache kama ilivyo, usiibadilishe kwa kukisia. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo hesabu ya kutoa namba moja kwa miaka yote inapotosha.

5. Fafanua undugu. Kwetu ndugu wa babu naye ni babu, na baba mdogo ni baba. Sema "babu mzaa mama" au "kaka wa babu mzaa baba".

6. Sema umeshatafuta wapi na ulikosa nini.

7. WALIO HAI USIWAANIKE. Hapa nilikosea vibaya. Mwaka 2016 nilichora ukoo wetu vizazi sita, nikautuma kwa kila ndugu mwenye simu. Niliweka tarehe za kuzaliwa, wanakoishi, na mama wa kila mtoto. Ndani yake alikuwamo binti aliyelelewa akijua shangazi yangu ni dada yake, kumbe ndiye mama yake mzazi. Aliyasoma hayo kwenye simu akiwa kazini, peke yake. Shangazi hakunisemesha miaka miwili. Nilikwenda kumwomba radhi mara tatu, akanisamehe, lakini binti yule hadi leo haji kwenye shughuli zetu, na simlaumu.

Kwa hiyo: aliye hai mwandike "hai", basi, bila jina. Aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita na hujui kama amefariki, mhesabu yu hai. Mtoto wa nje ya ndoa, ugonjwa, talaka: uliza faragha. Asili ya utumwa vivyo hivyo. Pwani neno hilo bado linauma, na si lako peke yako kulitaja hadharani. Wazee wa ukoo waridhie kwanza.

8. Swali moja, ukoo mmoja. Ukipata jibu, rudi useme.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Temeke: Mkuu naomba unitafutie ukoo wa Mbwana.

Jibu: Mbwana wa wapi, wakati gani? Hatua ya 2.

Kijana wa Temeke: Si unisaidie tu, wewe una uzoefu.

Jibu: Uzoefu wangu wote nimeuandika hapo juu. Usome.

Mpare: Hatua ya 7 umezidisha. Ni ndugu zangu, kwa nini nisiwataje?

Jibu: Ni ndugu zako, lakini maisha ni yao. Nimeeleza yaliyonipata, na sitalegeza hapo.

Mjukuu wa Rabai: Shikamoo mwalimu. Babu wa babu yangu alikuwa Mwafrika wa Mombasa, ila jina la ukoo ni la Kiingereza kabisa. Wazee hawajui lilitoka wapi. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Anzia Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) waliyaanzisha mwaka 1875 karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Baadhi ya waliofanya kazi huko na Rabai walikuwa Waafrika waliosomeshwa India, Nashik, wakaitwa "Bombay Africans". Wengi walipata majina mapya walipobatizwa. Usichukulie kwamba kila mwenye jina hilo ni damu yenu. Tafuta daftari la ubatizo: wazazi, msimamizi (mzazi wa ubatizo), na maneno ya pembeni. Ukipata ukurasa, nitumie faragha tuusome pamoja.

Mjukuu wa Rabai: Asante sana. Msimamizi ana maana gani?

Jibu: Mara nyingi alikuwa mtu wa karibu, labda wa kijiji kimoja au safari moja. Pale jina la mzazi halipo, mfuate msimamizi.

Bi Mkubwa wa Tanga: Niongeze. Msahafu wa zamani nyumbani, fungua kurasa za mwanzo na za mwisho. Marehemu baba aliandika humo watoto wake wote, hadi waliofariki wachanga ambao hatukuwahi kusikia majina yao.

Jibu: Kweli kabisa, Bi Mkubwa. Upigwe picha hapohapo ulipo, usiazimwe.

Mpare: Na makaburi? Maandishi yamefutika.

Jibu: Nenda asubuhi mapema jua likiwa upande, kivuli kitaonyesha herufi. Usisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki.

Bi Mkubwa wa Tanga: Na uombe ruhusa ya wenye makaburi kwanza.