SOMO: Kutafuta shoti kwenye gari la zamani bila kumaliza pakiti ya fyuzi

Wakuu, "fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila nikiweka" limeulizwa tena wiki hii. Mara nyingi ni shoti, yaani waya wa umeme umegusa chuma cha bodi. Naandika mara moja, anayekuja aelekezwe hapa. Mfano ni Corolla ya miaka ya 1990, ila njia ni ileile kwa gari lolote la zamani la volti 12.

Vifaa: balbu ya indiketa ya wati 21 na holda yake (hiyo ndiyo balbu ya kupimia), nyaya mbili za futi moja, tepu ya umeme.

1. Zima kila kitu, chomoa fyuzi iliyoungua. Soma kwenye mfuniko wa boksi inalisha nini.

2. Toa balbu ZOTE za laini hiyo. Hatua hii niliwahi kuiruka, na ndiyo inayopoteza siku nzima. Taa za nyuma, taa ndogo za mbele, taa ya namba, zote nje. Kama kuna soketi ya tela, ichomoe. Balbu ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mno, karibu sehemu ya kumi ya ule wa ikiwa imewaka. Ukiziacha ndani, balbu yako ya kupimia itawaka hata kama shoti haipo, na utaanza kuchana tepu ya nyaya zilizo nzima. Za dashibodi ni kazi kuzitoa. Zikibaki, mwanga hafifu ni wao, mwanga mkali ni shoti.

ONYO: plagi za njano ni za eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga ajalini). Usizipime wala kuzichomoa.

3. Chomeka balbu ya kupimia kwenye matundu ya fyuzi kwa zile nyaya mbili, washa swichi ya taa. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo.

4. Iache ikiwaka, chomoa plagi moja moja ukianzia nyuma. Ikizima, ubovu uko baada ya plagi hiyo, upande wa taa. Anza na bawaba ya buti: nyaya hukunjwa hapo kila siku, plastiki inapasuka, shaba inageuka kijani, na kwenye chuma unakuta kidoa cheusi chenye kiini kinachong'aa. Halafu raba za milangoni, kisha chini ya kapeti.

5. Kata palipoharibika, unga waya wa unene uleule, chomelea kwa risasi, funika. Rudisha fyuzi ya ampia zilezile.

MASWALI

– Mkuu, ya 10 inaungua. Nikiweka 30 itavumilia?
Itavumilia fyuzi, waya hautavumilia. Waya mwembamba ndio utakaoungua, nao umelala chini ya kapeti. Anza hatua ya 1.

– Betri yangu inakufa usiku, fyuzi zote nzima.
Hiyo si shoti, ni umeme unaovuja. Somo jingine.

– Samahani kaka, kwa nini wati 21? Taa ya LED haifai?
Swali zuri, dada. Gawanya 21 kwa 12, unapata ampia 1.75. Hata shoti ikiwa kamili, hakuna zaidi ya hapo kitakachopita, kwa hiyo waya haupati joto na unapima kwa utulivu. LED inawaka kwa umeme kidogo sana. Hata unyevu kwenye holda utaiwasha ikudanganye.

– Yangu inaungua nikiingia barabara ya vumbi tu huku Bahi. Mjini haina shida.
Inagusa na kuachia. Weka balbu ya kupimia, mwenzako aitazame, wewe tikisa nyaya na ufungue na kufunga buti. Ikikonyeza, shika hapohapo. Mara nyingi kibanio kimekatika, waya unasugua ukingo wa chuma.

– Gari linalala jirani na ghala la mahindi Kibaigwa, panya wamekula nyaya.
Pole ndugu. Usiishie kwenye jeraha la kwanza, fungua tepu mpaka ufike palipo pazima pande zote mbili. Zitenganishe nyaya zilizogusana zenyewe kwa zenyewe, maana hiyo nayo ni shoti ingawa bodi haijaguswa. Toa na majani yaliyojazana kando ya betri, humo ndimo wanamojenga kiota.